Kuutazama Utumbo wa Mtoto kwa Ndani: Darubini ya Utumbo Mpana, Kazi Yake na Mipaka Yake

Katika vijiji vya pwani, kuanzia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, na kutoka hapo kuvuka Mto Wami hata Saadani, neno "mchango" limebebeshwa mzigo mkubwa. Mtoto akiumwa tumbo, ana mchango. Akikonda, ni mchango. Akienda choo chenye kamasi au damu, wengi watasema ni mchango pia, na asiyekubali atasema ni bawasiri. Jina moja kwa maradhi mengi si aibu ya lugha yetu, kwani hata lugha za Ulaya zilifanya hivyo kwa karne nyingi. Hatari huanza pale dawa nayo inapokuwa moja kwa yote.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili tuwe na kitu cha kufikiria tunapoendelea. Mtoto wa miaka 5, mkazi wa Mlingotini, kila baada ya siku chache hutoa damu nyekundu juu ya kinyesi. Haumwi. Anakula na kucheza. Katika mwaka mmoja amepewa dawa ya minyoo mara tatu na dawa ya amiba mara mbili, na damu haijakoma. Sasa kope zake kwa ndani zimekuwa nyeupe na anachoka upesi akikimbia. Je, mtoto huyu ana nini, na kwa chombo gani tutajua?

Jibu la kwanza linalowajia watu waliosikia habari za hospitali kubwa ni kolonoskopi, yaani kuutazama utumbo mpana kwa ndani kwa darubini inayopinda. Makala haya yataeleza chombo hicho hufanyaje kazi, maana ndani yake mna fizikia na kemia ya kidato cha tatu na cha nne iliyo hai kabisa. Lakini kabla ya darubini hiyo ndefu kuna nyingine, fupi, ya mezani, ambayo haina budi kutangulia.

Utumbo mpana wa mtu mzima una urefu wa mita moja na nusu hivi. Wa mtoto ni mfupi zaidi. Huanzia upande wa kulia chini ya tumbo, pale kidole tumbo kinapoota, hupanda hadi chini ya ini, hukata kwenda kushoto, kisha hushuka na kujipinda kama herufi S kabla ya kufika kwenye puru, ambayo ni sehemu ya mwisho iliyo karibu na njia ya haja kubwa. Kazi yake kuu ni kufyonza maji na chumvi, na kuhifadhi mabaki mpaka wakati wa kutoka. Ndani yake wanaishi bakteria wasiohesabika. Tutawakuta tena hapa chini, tena katika habari ya mlipuko.

Pwani yetu ina joto, udongo wa mchanga wenye unyevu, na watoto wengi wanaotembea pekupeku. Hayo ni mazingira mema kwa minyoo. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo ina kituo chake mjini Bagamoyo, imewachunguza watoto wa wilaya hiyo kwa miaka mingi, na katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2014 watafiti walieleza kuwa waliwakuta na minyoo midogo ya njia ya haja kubwa pamoja na strongiloidesi, mnyoo mwembamba usioonekana kwa macho, ambaye huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Mnyoo wa safura naye huingia kwa njia hiyo hiyo. Kichocho kinachojulikana zaidi pwani ni kile cha kukojoa damu. Kichocho cha utumbo makao yake makubwa nchini ni kandokando ya Ziwa Viktoria. Daktari anayemwona mtoto wa Bagamoyo mwenye damu kinyesini hana budi basi kuuliza swali ambalo si la kitabibu hata kidogo: mtoto huyu amewahi kuishi wapi?

Kati ya minyoo yote, anayehusika zaidi na utumbo mpana ni mnyoo mjeledi. Ana urefu wa sentimeta 3 hadi 5, na sehemu yake ya mbele, nyembamba kama uzi, huichomeka ndani ya ngozi laini ya utumbo. Wakiwa wachache hawadhuru sana. Wakiwa mamia, huenea kutoka mwanzo wa utumbo mpana mpaka kwenye puru, na mtoto huhara damu na kamasi, hudumaa, na wakati mwingine puru yenyewe hutoka nje anapojikamua. Nchini Jamaika, katika miaka ya 1980 na 1990, watafiti waliwafuatilia watoto wenye hali hii, wakaona kwamba waliotibiwa sawasawa walianza kukua upesi kufidia kimo walichokuwa wamekosa.

Kuwatambua minyoo hawa hakuhitaji darubini ya kuingizwa mwilini. Kunahitaji hadubini, kipande cha kioo, na kibao chenye tundu linalopokea miligramu 41.7 za kinyesi. Mpimaji huhesabu mayai yote katika kiasi hicho, kisha huzidisha kwa 24 apate idadi ya mayai katika gramu moja. Yai la mnyoo mjeledi halina mfano: lina umbo la pipa lenye kizibo kila upande. Shirika la Afya Duniani huhesabu mayai 10,000 au zaidi kwa gramu kuwa ni maambukizo mazito. Kazi hii huweza kufanywa katika maabara ya wilaya, kwa gharama ndogo, na mtoto hapati usumbufu wowote.

Hata hivyo kujua ni jambo moja, na kutibu ni jingine. Katika jaribio lililofanywa kisiwani Pemba na kutangazwa mwaka 2014, albendazoli peke yake iliponya watoto chini ya 3 kati ya kila 100 wenye mnyoo mjeledi. Ilipotolewa pamoja na oksanteli, waliopona walikaribia theluthi moja. Kwa hiyo mzazi akisema kwamba mtoto amekunywa dawa ya minyoo na damu haikukoma, asipuuzwe, na wala asiharakishwe kupelekwa kwenye mashine kubwa. Huenda dawa ndiyo iliyoshindwa.

Sasa tuseme kinyesi cha mtoto wetu wa Mlingotini kimepimwa mara tatu kwa siku mbalimbali, na hakuna yai wala amiba. Hapo ndipo zamu ya darubini ndefu inapofika.

Hamu ya kuchungulia ndani ya mwili ni ya zamani. Mwaka 1806 tabibu Philipp Bozzini wa Frankfurt alionyesha bomba lililomulikwa kwa mshumaa. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul, huko Freiburg, alipitisha bomba lililonyooka hadi tumboni mwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumeza panga mbele ya watazamaji, maana mtu mwingine yeyote asingeweza kulivumilia. Bomba lililonyooka huweza kuonyesha puru na mwanzo wa ile herufi S, sentimeta 25 hivi, basi. Mbele ya hapo kuna kona, na nuru haipiti kona.

Au tuseme haipiti kona mpaka ishikwe. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani kwa chupa ya plastiki iliyojaa maji. Toboa tundu dogo ubavuni, acha maji yachuruzike kwa mkondo mmoja uliopinda, kisha mulika tochi yenye mwali mwembamba kutoka upande wa pili kuelekea kwenye tundu, darasa likiwa na giza. Nuru itaufuata mkondo wa maji na kupinda nao. Daniel Colladon alilionyesha hili Geneva mwaka 1841, na John Tyndall akalionyesha London mwaka 1854. Sababu yake ni kwamba nuru inayotoka ndani ya maji kwenda hewani, ikiugonga mpaka kwa mshazari mkubwa, haitoki kabisa, bali hurudishwa yote ndani. Huo ndio mwakisiko kamili wa ndani. Kwa maji na hewa, pembe ya kikomo ni digrii 49 hivi, ikipimwa kutoka kwenye mstari wa wima juu ya mpaka.

Badala ya maji weka uzi wa kioo, na umepata njia ya kupeleka nuru popote. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Kapany, wakiwa London, walieleza jinsi fungu la nyuzi nyingi za kioo linavyoweza kuleta picha nzima, kila uzi ukibeba nukta moja. Lakini nyuzi zilizo tupu zikigusana, nuru huvuja kutoka uzi mmoja kwenda mwingine na picha huharibika. Aliyelitatua tatizo hili hakuwa profesa. Lawrence Curtiss alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alipoingiza mche wa kioo cha aina moja ndani ya bomba la kioo cha aina nyingine, akaviyeyusha pamoja na kuvivuta vikawa uzi mmoja wenye kiini na gamba. Hiyo ilikuwa Desemba 1956. Miezi michache baadaye, mwaka 1957, daktari aliyefanya naye kazi, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliimeza darubini ya kwanza ya nyuzi za kioo yeye mwenyewe kabla ya kumpa mgonjwa.

Tufanye hesabu. Kiini kikiwa na kipimo cha kupinda nuru cha 1.62 na gamba 1.52, saini ya pembe ya kikomo ni 1.52 kugawanywa kwa 1.62, yaani 0.938. Pembe yenyewe ni digrii 70 hivi. Miali yote inayougonga ukuta kwa pembe inayozidi hiyo husafiri mpaka mwisho, hata uzi ukipindwa, almuradi usipindwe mno.

Katika miaka ya 1960 Wajapani na Wamarekani walirefusha chombo hiki kwa ajili ya utumbo mpana, na mwaka 1969 William Wolff na Hiromi Shinya, mjini New York, walianza kukitumia hata kukatia vinyama bila kupasua tumbo. Tangu miaka ya 1980 picha haipiti tena katika nyuzi: ncha ya darubini imewekwa jicho dogo la kielektroniki, na daktari hutazama kiooni kama atazamavyo televisheni. Nyuzi za kioo zimebaki na kazi ya kupeleka nuru tu. Darubini ya mtoto ina unene wa milimeta 11 hivi, na kwa mtoto mdogo sana madaktari huazima ile nyembamba zaidi iliyotengenezwa kwa ajili ya tumbo la juu. Ndani ya unene huo mna njia ya hewa, njia ya maji ya kuoshea kioo, nyaya za kupinda ncha, na tundu la kupitishia vifaa.

Kazi ngumu kuliko zote ni maandalizi, nayo hufanyika nyumbani au wodini. Utumbo wenye kinyesi hauonyeshi kitu. Mtoto huacha chakula kigumu, hupewa vinywaji vinavyopenyeka kwa macho, kama chai ya rangi, maji ya dafu yaliyochujwa na maji ya sukari, na hunywa dawa ya kuharisha iliyopimwa kwa uzito wake. Vinywaji vyekundu, kama maji ya rozela, havifai kabisa, kwa kuwa mabaki yake hudhaniwa kuwa damu. Mzazi huona ajabu kuambiwa amharishe mtoto ambaye amekuja kwa sababu ya kuhara, na ni wajibu wa mhudumu kumweleza. Tena mtoto hukaukiwa maji upesi kuliko mtu mzima. Hivyo kunywa maji ni sehemu ya dawa, mpaka saa mbili kabla ya usingizi.

Naam, usingizi. Mtu mzima aweza kufanyiwa kipimo hiki kwa dawa ndogo ya kumtuliza. Mtoto, kwa kawaida, hulazwa kwa nusukaputi, na hapo hahitajiki daktari wa darubini peke yake, bali na mtaalamu wa usingizi aliyezoea watoto, vifaa vya kupumulia vya kipimo chao, na chumba cha kuamkia. Hii ndiyo sababu kubwa inayowafanya watoto wa pwani kupelekwa Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili, mwendo wa kilometa zipatazo 65 kutoka Bagamoyo. (Muhimbili yenyewe ina asili ya Bagamoyo kwa namna fulani: ilitokana na hospitali iliyopewa jina la Sewa Haji, mfanyabiashara tajiri wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897.) Wataalamu wa matumbo ya watoto ni wachache sana katika Afrika Mashariki nzima. Kununua darubini ni rahisi kuliko kuwa na mtu wa kuishika, maji safi ya kuiosha na dawa ya kuitakasa baada ya kila mgonjwa, na fundi wa kuitengeneza iharibikapo.

Daktari akiwa tayari, huipitisha darubini polepole, akijaza hewa kidogo ili utumbo ufunuke. Hufika mpaka mwanzo wa utumbo mpana, na mara nyingi huchungulia pia mwisho wa utumbo mwembamba. Uchunguzi wa makini hufanyika wakati wa kurudi. Hatari zipo: kutoboka kwa utumbo hutokea yapata mara moja katika watoto 1,000, au chini ya hapo, mikononi mwa waliozoea.

Katika mtoto wa umri wa miaka 2 hadi 10 anayetoa damu nyekundu bila maumivu, kitu kinachotafutwa kwanza ni kinyama kiitwacho polipu ya utotoni. Ni uvimbe mwekundu, mviringo, unaoning'inia kwa kikonyo kama embe dogo, na mara nyingi uko upande wa kushoto au kwenye puru. Kikiwa kimoja, si saratani na hakigeuki kuwa saratani. Vikiwa vitano au zaidi, habari ni nyingine, kwani huenda ni ugonjwa wa kurithi wenye hatari ya saratani baadaye, na ndugu wa mtoto nao huchunguzwa. Bawasiri, ambayo majirani huitaja upesi, ni nadra kwa watoto.

Kukikata kinyama hicho ni somo zuri la umeme. Kitanzi cha waya hupitishwa katika tundu la darubini, hukaza kikonyo, kisha umeme hupitishwa. Mbona mtoto hapigwi na umeme huo? Kwanza, umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali huu hubadili kwa mamia ya maelfu, haraka kuliko neva na misuli inavyoweza kuitikia. Pili, umeme hutoka mwilini kupitia bamba pana lililobandikwa pajani. Ikiwa kikonyo kina eneo la milimeta za mraba 20 na bamba lina 10,000, msongamano wa umeme kwenye kikonyo ni mara 500 ya ule wa kwenye bamba. Joto katika kila sehemu ya nyama hulingana na mraba wa msongamano huo, kwa hiyo ni mara 250,000. Kikonyo huungua na mishipa yake ya damu huziba; paja halihisi kitu.

Tumesema kuwa bakteria watarudi. Mwaka 1979 madaktari wa Ufaransa walitangaza kifo cha mgonjwa ambaye utumbo wake ulilipuka wakati wa kukatwa kinyama. Alikuwa amesafishwa tumbo kwa manitoli, aina ya sukari ambayo bakteria huichachusha na kutoa hidrojeni. Hidrojeni ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, cheche moja yatosha. Tangu hapo manitoli iliachwa kwa kazi ya namna hii, na dawa zisizochachuka zikatumika badala yake.

Lakini si kila mtoto hukutwa na kinyama. Mara nyingine ukuta wa utumbo huonekana mwekundu, wenye vidonda. Hapa ndipo jicho hudanganya zaidi, na ndipo nionapo kwamba darubini bila maabara ni chombo cha hatari. Vidonda vya amiba, vya kifua kikuu cha utumbo, na vya magonjwa ya utumbo yanayotokana na kinga ya mwili kujishambulia yenyewe, huweza kufanana. Ya mwisho haya, kama ule ugonjwa ulioelezwa na Burrill Crohn na wenzake mwaka 1932, yamekuwa nadra katika Afrika Mashariki, ingawa sasa yanatambuliwa zaidi kuliko zamani, na hutibiwa kwa dawa za aina ya kotisoni, ambazo hupunguza kinga. Mpe dawa hiyo mtoto mwenye amiba, na utumbo waweza kutoboka. Mpe mtoto mwenye strongiloidesi, yule mnyoo aliyekutwa Bagamoyo, na mnyoo huzaana bila kizuizi ndani ya mwili, huenea mapafuni na kwingineko, na mtoto aweza kufa kwa tiba aliyoletewa kumponya. Wala albendazoli ya dozi moja haimtegemei mtu kwa mnyoo huyu. Dawa yake ni ivermektini. Kwa hiyo daktari hukata vipande vidogo vya ngozi ya utumbo ili vitazamwe kwa hadubini, na hurudi tena kukipima kinyesi kwa makini kabla ya kuandika dawa.

Kuna pia watoto ambao hawafai kupelekwa kwenye darubini hii. Mtoto mchanga wa miezi michache anayelia kwa vipindi, akikunja miguu, akitapika, na kutoa ute uliochanganyika na damu, huenda utumbo wake umejipenyeza ndani ya utumbo wenyewe. Huyo ni wa haraka, wa saa na si wa siku, na anahitaji daktari wa upasuaji. Na yule aliyezaliwa asitoe kinyesi cheusi cha kwanza ndani ya siku mbili, kisha tumbo lake likawa linavimba, huenda sehemu ya mwisho ya utumbo wake haina chembe za neva. Harald Hirschsprung wa Copenhagen aliueleza ugonjwa huo mwaka 1886. Chembe zinazokosekana hazionekani kwa darubini ya kupinda hata iwe bora namna gani. Kipande kidogo cha puru chini ya hadubini ndicho kinachotoa jibu.

Mtoto wetu wa Mlingotini, kwa dalili tulizompa, ndiye hasa anayestahili safari ya Muhimbili. Umri wake, damu nyekundu, kukosa maumivu, na vipimo vitatu vya kinyesi visivyo na kitu, vyote vinaelekeza kwenye kinyama kimoja karibu na puru. Pengine daktari wa Bagamoyo angekigusa kwa kidole kilichovaa mpira kabla hata ya kuandika barua ya rufaa, kipimo kinachosahauliwa mno kwa sababu ya haya. Na kwa kuwa kope zake ni nyeupe, damu yake ipimwe kwanza na upungufu uanze kutibiwa, ili asilazwe usingizi akiwa dhaifu.

Maswali ya darasani. Mpimaji amehesabu mayai 420 ya mnyoo mjeledi katika kibao kimoja: je, maambukizo haya ni mazito? Gamba la uzi wa kioo likiwa na kipimo cha 1.60 badala ya 1.52, pembe ya kikomo itakuwa digrii ngapi, na nuru nyingi zaidi itapita au itapungua? Bamba la pajani likibanduka nusu wakati umeme unapita, ni nini kitampata mtoto, na kwa nini?